Pampu ya Tatu

Sogeeni, wajukuu zangu, na anayetafuna anyamaze. Haya yalimpata mume wa rafiki yangu.

Alikuwa fundi wa pampu. Kila Jumatatu alitakiwa kushuka chini ya kiwanda, agusishe ncha ya bisibisi kwenye kila pampu, mpini autie sikioni, asikilize kama chuma kinalalamika. Lakini ngazi zilimchosha, akawa anajazia fomu ya ukaguzi juu, kitini.

"Andika ni nzima, shemeji," alimwambia kaka wa mkewe, msaidizi wake. "Nani atashuka kuitazama?"

Pampu ya tatu ikapasuka shemeji akifagia kando yake. Hakupona.

Matanga yalipoisha, mke aliuliza neno moja tu. "Uliikagua?"

"Niliikagua, mke wangu. Haki ya Mungu."

Kesho yake fundi akashuka. Umeme ulikuwa umekatwa, swichi imetiwa kufuli, giza totoro. Akapapasa, akaegemeza bisibisi kwenye pampu ile ya tatu, akatega sikio. Kimya. Kisha, ndani ya chuma, akasikia mtu akihema kama aliyepanda ngazi nyingi, halafu sauti ya fundi mwenyewe, ikicheka: "Andika ni nzima, shemeji."

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe yote.

"Ungeniambia jana," mke akasema, akahamishia mkeka chumba cha pili.

Mwaka haukuisha, fundi akafa. Nyumba aliirithi mke. Kazi aliirithi mdogo wake fundi, naye hushuka kila Jumatatu bila kukosa. Anasema ndani ya pampu ile, ambayo haijawashwa tena, wanahema watu wawili.