Uso wa Eilif

Mkanda wa pikipiki ya theluji ulikatika katikati ya nyika, mahali pasipo na mti wala jiwe la kujikinga, na upepo ndio kwanza ulikuwa unaanza kunyanyua theluji. Sverre alivua glavu afunge mkanda wa akiba. Nao ulikuwa umepasuka kwa baridi. Alipozivaa tena, vidole vyake vilikuwa vyeupe na vigumu, hawezi hata kukunja ngumi.

"Tutatembea," alisema. "Tufuate vijiti vilivyochomekwa kuonyesha njia."

Nyuma yake alisimama mkwewe Eilif, mume wa binti yake, mtu wa kusini, kidevu kinang'aa kama sahani. Kesho yake mtoto wa Eilif alikuwa anabatizwa upande wa pili wa nyika, na baba mtu alitaka kufika akiwa nadhifu. Hapo ndipo alipoharibu. Wanaume wa huku kaskazini hunyoa ndevu jioni, ngozi ipate kupumzika. Asubuhi hawagusi uso kwa maji, hujipaka mafuta ya kondoo kutoka kwenye kopo wakatoka. Eilif alinyoa asubuhi hiyo hiyo kwa maji ya moto, kisha akajipaka krimu laini ya dukani yenye harufu ya msonobari. Sverre aliinusa sasa, injini ilipozimika.

"Krimu hiyo ni maji, mkwe. Maji yanaganda." Akamtupia kopo lake. "Hata kaka yangu Ragnvald, na vidole vyake vitatu, alijua kujipaka kuliko wewe."

Eilif alipaka mafuta juu ya krimu, akijua amechelewa. Hakucheka. Msumeno ulikuwa umemwachia Ragnvald vidole vitatu mkono wa kulia, na nyika hii ikammeza mzima kabla Eilif hajaoa. Hawakuokota hata kofia yake. Sverre hakumtaja ila kwa utani.

Walijifunga kamba kiunoni, mzee mbele, kijana nyuma. Ilikuwa Januari, jua halichomozi, na mwanga wa bluu wa mchana ulikuwa unakwisha. Kila walipofika kwenye kijiti walisimama, Sverre akasema, "Uso," wakatazamana kwa karibu. Mtu haoni doa jeupe kwenye shavu lake, wala halisikii. Lazima mwenzake amtazamie. Likionekana, halisuguliwi. Linawekewa kiganja cha moto, kikatulia hapo mpaka maumivu yarudi.

Kwenye kijiti cha tatu Sverre aliona doa kwenye shavu la kulia la Eilif. Mikono yake haikufaa kitu, kwa hiyo Eilif alijiwekea kiganja mwenyewe hadi kikafa ganzi, akakirudisha kwenye glavu. Wakaendelea.

Kijiti cha nne hakikuja.

Walitembea na kutembea. Theluji iliruka chini na juu, Eilif hakuona tena mgongo wa mzee, aliona kamba tu ikiingia kwenye weupe. Aliita. Upepo ukaichukua sauti. Kisha uso ukaacha kuuma, na raha ile ilimtisha kuliko maumivu. Alimfikiria mtoto, kwamba huenda asimwone tena, akaogopa waziwazi.

Ndipo kiganja kikatua kwenye shavu lake la kushoto.

Kilikuwa kitupu, bila glavu, na cha moto. Kilitulia, bila kusugua, mpaka shavu likaanza kuchoma na machozi yakamtoka. Amerudi mzee, aliwaza, akashukuru kimoyomoyo. Kope zake zilikuwa zimeshikana kwa barafu, hakuweza kumtazama. Kiganja kikamgeuza kichwa kushoto, taratibu, kikamshikilia hivyo. Kikaondoka.

Kamba ilikuwa inavuta kulia. Eilif alifungua jicho moja kwa kucha, akatazama kule alikogeuzwa, akaona kijiti.

Akaivuta kamba kwa nguvu zote. Sverre alitokea kwenye weupe akitukana.

"Kijiti kiko huku!"

Mzee alikiona, wakageuka. Baada ya vijiti vingine viwili walisikia mbwa.

Turid, mtunza kibanda cha wasafiri, aliwaketisha mbali na jiko na kutia mikono ya Sverre kwenye beseni la maji vuguvugu. Uso wa Eilif ulivimba ukawa mwekundu wa damu, na malengelenge yakaanza kutoka. Turid alisogeza taa.

"Hapa nani alikushika?"

Kwenye shavu la kushoto palibaki ngozi nzima, laini kama ya asubuhi.

"Mzee. Alirudi nyuma kwa kamba."

"Sikurudi," alisema Sverre. "Na mikono hii ingempasha nani joto?"

Turid alimletea Eilif kioo cha kunyolea. Ngozi ile nzima ilikuwa na umbo la kiganja: dole gumba na vidole viwili tu. Mbwa aliuendea mlango, akanusa chini yake, akalala hapo hapo.

Sverre alitoa mkono wa kulia kwenye maji. Damu ilikuwa inarudi na uchungu wake ulimkunja uso, lakini aliunyoosha, akaulaza juu ya alama ile, taratibu.

"Kilikuwa cha moto?" aliuliza.

"Cha moto, mzee."

Sverre alilia bila kujificha. Hakuuondoa mkono mpaka maji ya kwenye beseni yalipopoa.