Mume wa Kitabu cha Wageni

Taulo la pili lilikuwa limeloa. Fundi alilishika mara mbili asije akajidanganya. La kwanza lilikuwa kavu, limekunjwa vilevile kama lilivyoletwa. La pili lilitundikwa nyuma ya mlango wa bafu, linadondosha maji, na yeye ndiyo kwanza ameingia chumba hicho cha nyumba ya wageni, hata viatu alikuwa hajavua.

"Watakuwa wameanua bichi," alijisemea, akalitupa kwenye ndoo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu ya chanjo. Alizunguka mji hadi mji, zahanati hadi zahanati, peke yake na kisanduku chake cha vifaa, hata wauguzi wakambatiza Fundi Baridi. Na kama kuna jambo alilolijua kuliko majokofu, ni kuchagua pa kulala. Aliingia mji mgeni jua likiwa bado juu. Chumba cha chini hataki, cha mwisho wa korido hataki. Alijaribu komeo kwanza, kitanda baadaye. Watu walimwonea huruma kwa kulala vitanda vya wapita njia; hawakujua kwamba mlio wa komeo likiingia mahali pake ndiyo ilikuwa raha yake kubwa duniani. Kwao alizaliwa wa sita, akachaguliwa kila kitu mpaka upande wa kulalia. Huku alichagua mwenyewe.

Kinga ya mwisho alifundishwa na dada yake mkubwa: usiseme kamwe kwamba uko peke yako. Basi kwa miaka saba, katika kila kitabu cha wageni, Fundi aliandika "watu wawili", kisha akasema kwa sauti ya kuwafikia wanaume waliokaa mapokezi, "Mume wangu yuko nyuma, anakuja." Mume mwenyewe hakuwapo; hata mchumba hakuwahi kuwa naye. Lakini uongo ule ulimlinda kuliko kufuli.

Asubuhi aliteremka kunywa chai, akakuta vikombe viwili mezani, kimoja kimeshanywewa nusu.

"Shemeji kasema nisikuamshe," alisema binti wa mapokezi, anatabasamu. "Mpole huyo! Ila hapendi kutazamwa usoni, eti?"

Fundi alicheka, maana afanye nini? Akikana, binti ataanza kumhoji mbele ya watu. Alikunywa chai yake harakaharaka. Kile kikombe kingine kilikuwa bado kinafuka mvuke, na mvuke wenyewe ulinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa.

Saa tisa alasiri alirudi kutoka zahanati, kichwa kinamgonga, akafunga komeo na kujitupa kitandani. Harufu ile ilikuwa imemtangulia. Mara mtu akakohoa bafuni, kikohozi kidogo cha kujulisha tu kwamba yupo. Aliinuka akachungulia, hakuna mtu. Akarudi, ndipo alipoona upande wa pili wa godoro umebonyea, na kwa kuwa mikono ya fundi haijui kuogopa kabla ya kupima, alitoa kipimajoto chake chenye waya, kile cha kuingiza kwenye majokofu, akakilaza upande wake, kikasoma ishirini na sita, akakisogeza taratibu hadi pale palipobonyea, na namba zikaanza kupanda, thelathini, thelathini na saba, arobaini, hamsini, hazisiti, mpaka zikapotea kabisa kwenye kioo, na shuka, ambalo hakuna mkono uliolishika, likavutwa polepole kuelekea kule, kama mtu anavyojifunika, naye akabaki ameng'ang'ania pindo, hajui avute au aachie.

Aliachia. Akatoka mbio, miguu peku.

Uani alimkuta mfuaji wa nyumba ile, Mama Mashuka, akitandaza nguo. Yule mama alimtazama mara moja tu, akamwonyesha shuka lililotolewa chumbani kwake asubuhi ile: nusu jeupe, nusu limebabuka rangi ya chai.

"Marehemu baba yangu alikuwa akitoa majini," alinong'ona. "Huyu hukutumiwa na mtu. Umemwita mwenyewe. Umesema una mume, ukamwandikia na nafasi."

"Nifanye nini, mama?"

"Kamkane palepale ulipomwitia, kwa sauti ileile, mbele za watu. Lakini mficha uchi hazai, mwanangu. Umemwandika hapa tu, au na kwingine?"

Miaka saba, miji hata hesabu hana. Aibu ilimshika Fundi. Angeonekana mwanamke wa namna gani?

"Hapa tu, mama."

Mapokezi walikaa wanaume watatu wakitazama televisheni. Kwa Fundi, hao ndio waliokuwa majini siku zote. Alikata ule mstari kitabuni, akasema kwa nguvu, "Sina mume. Chumbani niko peke yangu."

Wote watatu waligeuka. Mmoja alimpima kutoka juu hadi chini, na kabla hajafungua mdomo mlango ulibamizwa huko juu, vishindo visivyo na mwenyewe vikashuka ngazi, joto likapita katikati yao, na mlango wa barabarani ukafunguka wenyewe. Yule bwana alirudisha macho kwenye televisheni, akanywea.

Usiku ule Fundi alilala fofofo. Kesho yake alipanda basi la mji mwingine, moyo mweupe, akiwaza atafute chumba upande gani. Hakuwa amempigia mtu yeyote kuagiza chumba. Simu yake ikaita, namba ngeni.

"Karibu, dada," ilisema sauti ya mwanamke. "Napiga kutoka nyumba ya wageni. Chumba chenu kiko tayari."

"Umekosea namba. Sijaagiza chumba."

"Namba katupa mumeo. Si mlilala kwetu mwaka juzi? Mmo kitabuni, watu wawili. Kafika tangu alfajiri. Kasema usihangaike kutafuta, safari hii kachagua yeye. Sasa hivi ametoka, anakuja kukupokea stendi."

Basi lilianza kupunguza mwendo. Fundi alifungua mdomo amkane, lakini mwanamume wa kiti cha pembeni, aliyekuwa akimkodolea macho njia nzima, aliinama karibu na sikio lake.

"Mrembo, unapokelewa, au uko peke yako?"

Fundi alimtazama. Kisha akatazama nje.

"Napokelewa," alisema. "Na mume wangu."