Kati ya Otranto na Korfu

Upepo uligeuka Marion akiwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya mashua ya mpira, mwingine bado uko mchangani. Mchana kutwa ulikuwa ukivuma kutoka baharini, mwororo, wa kupunguza makali ya jua. Sasa ulishuka ghafla kutoka mlimani nyuma yao, ukiwa wa baridi, ukazoa mchanga na taulo na kofia iliyosahauliwa na mtu, ukavitupa vyote majini.

"Ingia, ingia!" Takis alimvuta mkono. Takis alikuwa baharia wa Kigiriki, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwavusha abiria kati ya meli na ufuo wa kisiwa. Wote alikuwa ameshawarudisha isipokuwa wanawake wawili. Walikuwa wamechelewa kwa sababu mmoja alikaa mwisho wa ufuo huku na mwingine mwisho wa ufuo kule, na ilimbidi awafuate mmoja mmoja.

Yule mwingine alikuwa Alka, mkamwana wake Marion. Alikaa mbele kabisa ya mashua, koti la kuokolea limefungwa hadi shingoni, akitazama meli.

Safari hii aliipanga Eddie, mwana wa pekee wa Marion. Wangepanda meli ya matanga huko Otranto, Italia, wavuke hadi Korfu, halafu wateremke polepole bandari hadi bandari za Ugiriki, watatu pamoja. Siku ya kuondoka London Eddie akasema kazini wamemzuia, waende wawili tu. Marion hakuwa mtoto, hila hiyo aliiona. Tangu Eddie amwoe Alka, miaka miwili iliyopita, yeye na msichana huyu walikuwa wakisalimiana kama majirani wa ghorofa moja pale Peckham, mtaa wa London anakoishi Marion: hujambo, sijambo, mlango unafungwa. Marion alizungumza naye Kiingereza peke yake, kile Kiingereza chake cha wodini, ingawa wote wawili walijua Kiswahili: Alka alizaliwa na kukulia Kisumu, dukani kwa baba yake mzee Ranjan, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha mtu yeyote wa huko.

Walipotoka kwenye kinga ya miamba, upepo uliwapiga mgongoni kwa nguvu yake yote. Meli yao, Serafina, ilikuwa ikiburuta nanga. Marion aliona mabaharia wakikimbia huku na huko, na milingoti miwili ikiinama kuelekea mawe yaliyotokeza baharini. Nahodha hakuwa na la kufanya ila kukimbiza meli kabla haijavunjika.

"Atazunguka kisiwa," Takis alipiga kelele. "Sisi tunarudi ufukweni!"

Alikata kona. Hapo hapo injini ikakohoa, ikakwama. Kamba ya nyavu za wavuvi ilikuwa imejisokota kwenye pangaboi chini ya maji. Takis aliinama nyuma, akaanza kuinua injini ili aifikie, na wimbi likaja likainyanyua mashua ikasimama karibu wima. Injini iliangukia mkono wake. Marion, ambaye amekuwa muuguzi tangu ujana wake, aliusikia mfupa ukivunjika hata katika kelele ile.

"Alka, lala chini! Lala!"

Maneno yalimtoka kwa Kiswahili bila yeye kujua. Alka alijitupa sakafuni, na wimbi la pili likapita juu yao. Maji yalipotoka machoni, redio ya Takis haikuwapo, na kisiwa kilikuwa kimefichwa na mvua kama mtu aliyefunga pazia.

Walichota maji kwa ndoo moja na kwa kiatu cha Takis. Wakichota, bahari inajaza. Walichota hadi upepo ulipochoka kidogo, na mvua ikaanza kukatika. Hapo Alka akainuka ghafla.

"Maji ya kunywa, Mama! Mvua inaisha na hatujakinga!"

Walitandaza kitenge cha Marion, wakakikamua ndani ya ndoo. Waliambulia mafunda machache yenye ladha ya chumvi. Zaidi ya hayo walikuwa na chupa moja ya maji, na chai ya rangi iliyobaki katika themosi ambayo Marion hatoki nyumbani bila kuibeba.

Mkono wa Takis ulikuwa umechanika na kuvunjika chini ya kiwiko. Marion aliuosha kwa chai hiyo vuguvugu, maana maji asingeyamwaga.

"Nipe kitu kigumu," alisema. "Kitu cha kunyoosha."

Alka alipekua mfuko wake wa ufukweni, akatoa gazeti nene la mitindo. Marion alilikunja kuuzunguka mkono, wakalifunga kwa vipande vya mtandio wa Alka. Takis aliuma ukosi wa koti lake mpaka kazi ikaisha, kisha akatapika.

Usiku ule walikaa wamebanana sakafuni, mgonjwa katikati. Marion alisali kimoyomoyo hadi akaishiwa na sala anazozijua, akaanza kuzirudia.

Kulipokucha bahari ilikuwa imelala, tambarare, yenye rangi ya bati. Hapakuwa na kisiwa. Hapakuwa na meli. Mbali sana upande wa kusini helikopta ilipita, ndogo kama inzi, ikitafuta mahali ambapo wao hawakuwapo. Alka alipuliza firimbi ya koti lake mpaka midomo ikapasuka, ingawa wote walijua kwamba rubani hawezi kusikia.

Marion aligawa maji kwa kifuniko cha chupa. Takis kwanza, kwa kuwa alipoteza damu. Halafu Alka. Mara ya tatu alipompa, alimtazama koo.

"Hukumeza."

"Nimemeza, Mama."

"Unaloweka midomo tu, halafu unarudisha. Unamdanganya nani? Mimi nimewalisha dawa watu wanaozificha chini ya ulimi miaka yote hii. Kunywa!"

Alka alikunywa, macho chini. Akarudisha kifuniko, akasema, "Wewe ni mkubwa. Nilifikiri utaishiwa nguvu kabla yangu."

Marion alifunga chupa. Alijisogeza ili kivuli chake kimwangukie yule msichana usoni.

Jua lilipanda. Takis alikuwa na homa, lakini akili yake ilikuwa bado ipo. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata aliwaambia kwamba petroli ipo kidogo, kwamba injini huenda ikawaka, ila kwanza kamba itoke. Alitoa kisu kiunoni kwa mkono mzima, akakitazama, akawatazama wao.

"Nipe," alisema Alka. Alikuwa akiogelea kila asubuhi kwenye bwawa la karibu na nyumba yake na Eddie huko Kilburn, London, kabla ya kazi. Alivua koti la kuokolea, kwa kuwa lingemzuia kuzama. Marion alimshika kiwiko.

"Subiri. Siendi kumwambia Eddie kwamba nilikuangalia tu."

Alikisokota kitenge kikawa kamba, akakiunganisha na kamba fupi ya mashua, akamfunga Alka kiunoni kwa fundo la mara tatu. Alka alionyesha pete ya chuma ubavuni mwa mashua ili ncha ya pili ifungwe hapo.

"Hapana," alisema Marion. "Nitashika mwenyewe. Ukivuta mara mbili nakutoa, upende usipende."

Alka alizama. Marion alilala kifudifudi juu ya ukingo wa mpira, ncha imezungushwa mkononi mwake, akatazama lile umbo jeupe likitetemeka chini ya maji. Liliibuka, likahema, likazama tena. Mara ya tatu lilikaa. Lilikaa sana. Kamba haikuvutwa. Marion alihesabu pumzi zake mwenyewe, akaacha kuhesabu, akavuta kwa mwili mzima mpaka magoti yake yakateleza.

Alka alitokea akikohoa, nywele zimemfunika uso, damu ikimtoka vidoleni. Mkononi alikuwa na fungu la kamba ya kijani.

"Ningemaliza," alisema kwa hasira. "Ulinivuta mapema. Kimebaki kipande."

"Pumzika kwanza."

"Jua halipumziki, Mama."

Akarudi. Safari hii Marion hakuvuta hadi kamba ilipovutwa mara mbili.

Injini ilikataa, ikakataa, halafu ikanguruma. Takis aliinua kidole kuelekea mahali jua lilipochomoza asubuhi ile. Ugiriki iko huko, alisema. Marion alishika usukani wa injini kama alivyoelekezwa, akiiogopa kama mbwa wa mtu. Alka alivaa tena koti lake, akakaa mbele akitazama. Chupa ya maji ilikuwa imekauka walipoona, juu ya ukungu wa joto, mstari wa kijivu ambao, tofauti na wingu, haukusogea. Alka alilia bila sauti. Injini ikazima muda si mrefu baadaye, tangi tupu.

Sasa upepo ulianza upya, kutoka kaskazini magharibi, ukiwasukuma kule walikotaka kwenda. Walifurahi, mpaka waliposikia mngurumo. Mbele yao hapakuwa na ufuo. Palikuwa na majabali yaliyosimama wima, na mawimbi yakipasuka chini yake hadi juu kuliko nyumba.

"Kushoto!" Takis alisema. "Pale, mahali peusi. Ni mlango wa maji."

Walichukua makasia mawili ya plastiki. Marion hajawahi kupiga kasia maishani. Alipiga kama anavyomgeuza mgonjwa mzito kitandani, kwa mgongo na mapaja, akimfuata Alka aliyekuwa akiita, "Vuta! Vuta! Mama, vuta!" Mlango ule ulikaribia, ukapita kidogo, ukarudi. Wimbi liliwainua, likawatupa ndani, na jiwe likachana mpira ubavu mzima.

Marion alikuwa ndani ya maji kabla ya kuelewa. Koti lilimwinua, wimbi likamgeuza, mdomo ukajaa chumvi. Hajui kuogelea. Alinyoosha mkono, na mkono mwingine ukaushika.

"Usinikabe! Lala chali! Nimekushika, usipigane na mimi!"

Ilikuwa sauti ile aliyoikwepa miaka miwili. Marion alilala chali. Aliacha mwili uwe mzigo wa mtu mwingine, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu mumewe afariki, na akaburutwa mpaka visigino vyake vikagusa kokoto. Kisha wote wawili wakarudi majini hadi kifuani, wakiwa wameshikana mikono, wakamfikia Takis aliyeng'ang'ania kipande cha mpira, wakamtoa.

Alka alianza tena kupuliza firimbi. Juu ya jabali, mtu na mkewe waliokuwa wakihudumia mizinga yao ya nyuki waliacha kazi, wakasikiliza. Yule mama ndiye aliyeteremka kwanza, bado amevaa kofia yake yenye wavu, akiwa na chupa ya maji mkononi.

Jioni Takis alishapelekwa hospitali kwa boti ya walinzi wa pwani. Serafina ilikuwa salama bandarini Korfu, hakuna aliyepotea. Marion na Alka walikaa jikoni kwa wale wafuga nyuki, wamevaa nguo za wenyeji zisizowatosha, mbele ya bakuli la supu ya samaki na mkate. Daktari aliyekuja na boti ile alikuwa amewaruhusu kula taratibu, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Simu ya mwenye nyumba ililia. Ilikuwa Eddie kutoka London, sauti imekauka kwa kulia. "Mama! Alka yuko wapi? Mko sawa? Mnazungumza?"

Marion alimtazama mkamwana wake. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, supu ikimtiririka kidevuni.

"Tunakula," alisema Marion. "Tukimaliza mkeo atakupigia."

Akakata simu, akauvunja mkate uliobaki, kipande kikubwa akakiweka mbele ya Alka. Halafu Marion akaweka kijiko chini.

"Siku ya harusi alikuja baba yako tu," alisema. "Nilijua mama yako alishafariki. Lakini jina lake sikuwahi kukuuliza."

Alka alimeza kilichokuwa kinywani.

"Sushila," alisema.

Marion alilitamka polepole, mara moja, ili asikosee. Kisha akavuta kiti chake karibu, akasubiri kusikia yaliyobaki.