Oarabile Hakunusa

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, mnyamaze. Haya yalimpata rafiki yangu Oarabile, fundi wa ndege ndogo pale mjini Maun.

Kila asubuhi alichota petroli kidogo chini ya tangi kwa kikombe cha kioo. Yakiwemo maji, hukaa chini na kuacha mstari kati yake na petroli. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, hakuona mstari, akaridhika.

"Umenusa, Rra?" rubani Mothusi akauliza; Rra ni kusema bwana, kwa lugha ya kwao. "Au pua umeisahau kwa mkeo?"

"Nimenusa bwana, nenda zako!"

Alidanganya. Kikombe kizima kilikuwa maji, ndiyo maana hakikuwa na mstari; pua tu ingemwambia. Mothusi akaruka, injini ikazima juu ya matete ya mto, ndege ikaanguka, naye akafa, na watu wakasema rubani alilewa. Oarabile akanyamaza.

Kiangazi kikaja, ardhi ikapasuka. Siku moja Oarabile alikuwa akichota kwenye ndege nyingine, ndani ya banda la ndege, gizani. Yakatoka maji. Akamwaga, akachota tena, maji. Ndani ya tangi akasikia mapovu yakipanda polepole, kama mtu anayeishiwa pumzi chini ya mto. Akatimua mbio hadi kwa mjane wa Mothusi.

"Mma, mama yangu, mumeo hakulewa. Mimi sikunusa."

Mjane hakulia. "Najua. Ameniambia leo asubuhi, amesimama hapo hapo ulipo."

Oarabile akatazama chini. Sakafu ilikuwa imelowa.

Oarabile alifariki mwaka uliofuata. Mpwa wake alirithi spana zake, dada yake akarithi nyumba. Mjane alibaki na jina safi la mumewe, maana Oarabile alikuwa ameungama mbele ya watu wote, na ile sakafu, anayoipangusa kila siku na haikauki.