Dukicha Ajifunza Kunong'ona

Sauti ya Dukicha haikuhitaji simu. Akiwaita ng'ombe wake malishoni, nje ya Garsen, hata ng'ombe wa jirani waligeuza shingo. Na salamu zake zilikuwa ndefu! Alianza na habari za watu, akaja kwenye za mvua, akamaliza na za ndama. Watu walimpenda kwa hayo.

Kisha mkewe, Darmi, akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto alikuwa njiti. Hospitalini wakamlaza ndani ya inkubeta, kisanduku cha plastiki chenye joto, katika chumba cha watoto wachanga walio mahututi. Darmi alitamani sana kumpakata.

"Akipumua vizuri bila kushtuka, utampakata," Sista Mariam, muuguzi, alimwambia.

Asubuhi moja Dukicha akaja. Mlango ukajifunga nyuma yake, ba!

"Darmi! Nagaa? Ni amani? Mumeamka salama? Chakula mumekula?" Akagonga inkubeta kwa vidole. "Na wewe binti yangu, hujambo?"

Mtoto akarusha mikono. Midomo ikabadilika rangi. Mashine iliyopima pumzi yake ikaanza kulia. Sista Mariam akaja haraka, akamtuliza mtoto mpaka pumzi ikarudi. Darmi alikuwa analia. Dukicha akanywea.

"Nimefanya nini mimi?" akauliza.

Mariam akamtoa nje, akampa ndoo safi. "Baba, ingiza kichwa humu."

"Kichwa? Changu?"

"Chako."

Dukicha akatii. Mariam akaigonga ndoo kwa kidole kimoja. Dukicha akaruka, ndoo kichwani!

"Subhanallah! Ni radi?"

Kina mama waliokaa kwenye benchi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Ni kidole tu," Mariam akasema. "Mtoto naye husikia hivyo. Kelele humshtua, pumzi ikapotea. Na asipolala, atakua vipi? Sema naye kwa sauti ya chini. Usigonge inkubeta, wala usiweke kitu juu yake. Simu nayo izime mlio."

"Nimesikia, Sista. Lakini na hii mlango yenu je? Imenishinda hata mimi kwa kelele!"

Mariam akacheka. "Hapo umetupata. Sisi tumeuzoea, na gumzo letu pia."

Dukicha akaenda sokoni, akarudi na kipande cha mpira wa tairi, ule wa kutengenezea viatu vya akala. Fundi wa hospitali akaung'oa mlango, akaupeleka mbali na watoto, akapigilia mpira ukingoni. Tangu hapo mlango ukajifunga kimya. Wauguzi nao wakapunguza gumzo, na mashine ikilia waliiwahi mara moja.

Mtoto akaanza kulala vizuri. Akapumua vizuri. Uzito ukapanda. Hatimaye Mariam akamtoa kwenye inkubeta, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Darmi akatabasamu huku machozi yakimtoka.

Dukicha akainama. "Mimi ndiye babako," akanong'ona.

Mtoto akafumbua macho, akayageuza polepole kumtafuta.

Dukicha alitaka kupiga kelele za furaha. Akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.