Sindano ya Pili ya Justa

Justa anauza karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni Mkolani. Kwa miaka mingi wateja walitazama kwanza mikono yake, ndipo wakatazama bidhaa. Mikono ilikuwa na mabaka yenye magamba meupe. Ugonjwa huo unaitwa soriasisi. Hauambukizi, lakini nenda kawaambie watu!

Mdogo wake, Masele, alikuwa na mabaka kama hayo. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, ndugu hao walishikana mikono wao kwa wao.

Mwaka jana Justa alipata dawa mpya hospitalini. Nesi Dorotea alimfundisha kujichoma.

"Kila mwezi unachoma sindano mbili, siku hiyohiyo," alisema. "Mbili hizo ndiyo dozi moja. Zitunze kwenye friji, zisigande."

Justa aliziweka kwenye friji ya jirani. Siku ya kuchoma ilipofika, Masele alikuwa amekaa mlangoni, anajikuna.

"Dada, na mimi nitapona lini?"

Justa akazitazama sindano. Tangu utotoni hawakuwahi kula kitu bila kugawana.

"Moja yangu, moja yako," akasema. "Leta paja."

Wakaendelea hivyo kila mwezi. Mabaka ya Justa yalipungua kidogo, kisha yakarudi. Masele akaanza kukohoa. Usiku alilowa jasho, na suruali zikawa zinamvuka. Wakasema ni vumbi la kiwandani alikofanya kazi, Nyakato. Ni rahisi sana kulisingizia vumbi.

Siku ya kliniki, nesi aliitazama mikono ya Justa.

"Mbona hivi? Unachoma zote mbili?"

Justa akaangua kilio, akaeleza yote. Nesi hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

"Huyo mdogo wako anakohoa?"

"Ndiyo, sista."

"Mlete leo hii."

Vipimo vilionyesha kifua kikuu.

"Dawa hii hupunguza kinga ya mwili," Dorotea alieleza. "Wewe tulikupima TB kabla ya kuanza. Yeye hakupimwa. Vijidudu vinaweza kulala mwilini mtu asijue. Kinga ikipungua, vinaamka. Na wewe, nusu dozi haikukutosha."

"Nilimhurumia, sista."

"Najua. Ungemhurumia kwa kumleta hapa."

Maneno hayo Justa hajayasahau.

Masele alimeza dawa za TB mpaka akazimaliza. Kikohozi kimekwisha, mwili umerudi. Sasa daktari anampima upya, aone dawa gani ya ngozi inamfaa yeye. Justa naye anachoma dozi yake kamili, na mikono yake imekuwa laini.

Jumapili iliyopita, wakati wa amani, watu walimnyooshea Justa mikono kutoka kila upande. Masele alibaki nyuma, mikono yake yenye mabaka mfukoni.

Justa akawapita wote, akamfuata.

"Nisamehe, Masele."

"Ulishasema, dada. Nenda, wanakungoja."

"Wacha wangoje," Justa akasema, akanyoosha mkono wake laini mpaka mdogo wake alipoutoa wa kwake.