Chevelle Iliyokula Uzito wa Oleta

Mambo yalianza kidogo kama chawa: Oleta alishuka garini, na gari halikuinuka.

Hata paka akishuka kitandani, godoro linapumua. Lakini ile Chevelle nyekundu ya mwaka sitini na tisa, gari ambalo mngurumo wake ulikuwa unang'oa mahindi ya kaunti nzima, ilibaki imeinama upande wa abiria, kama kuna mtu kakaa anasubiri kupelekwa mahali.

Delmar Stiltner alicheka. Kentucky yote haikuwa na fundi wa kumfikia, na kama hamwamini, mngemuuliza mwenyewe.

"Springi inajipanga tu, mke wangu. Kesho itasimama."

"Na hii harufu ya tope?"

"Hayo ni manukato ya shangazi yako."

Lakini ukweli Delmar aliujua. Ile mikono miwili ya chini, vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, aliitoa kwenye Chevelle nyingine iliyovutwa kutoka mtoni, na maiti ya mwenye gari bado imefungwa mkanda kitini. Dukani ilikuwepo mipya, inang'aa. Ila waamuzi wa maonyesho ya magari ya zamani huja na kioo cha kuchungulia uvunguni, kama wakwe wanaotafuta kasoro, na chuma kisicho na chapa ya kiwanda kinakunyima kikombe. Delmar angevaa hata soksi za maiti, mradi zina chapa ya kiwanda.

Na kufunga alifunga kwa ustadi. Bushi za mikono ile, zile raba za kwenye maungio, hazikazwi gari likining'inia kwenye jeki, zitapasuka. Gari linashushwa, linabebeshwa uzito wa mtu, ndipo bolti zinakazwa. Wengine huweka mifuko ya mchanga. Delmar, mvivu wa mchanga, alimwita Oleta. Mama wa watu akakaa na sahani yake ya maharage na mkate wa mahindi, na mumewe akakaza mpaka bolti zikalia.

Asubuhi iliyofuata gari lilikuwa limeshuka zaidi. Oleta akapanda mzani wa bafuni, mshale ukatikisa kichwa tu ukalala. Wakacheka.

Baadaye hawakucheka tena. Kadiri gari lilivyozidi kuzama, ndivyo mwanamke alivyopungua, na si kukonda, maana mashavu yalikuwa palepale na mapaja palepale, ni uzito tu uliokuwa unahama, akikaa kwenye kochi mto haubonyei, akipita mlangoni upepo unamsogeza, mpaka mchana mmoja feni ikamsukuma kutoka jikoni hadi sebuleni kama unyoya, na Delmar akamkimbilia, akamfunga kiunoni kwa mnyororo wa kunyanyulia injini, huku kutoka gereji, ambako hakukuwa na mtu, ikisikika tak! ya mkanda wa kiti ukifungwa.

Akamwita Shangazi Zelpha, yule anayesimamisha damu kwa aya ya Biblia na kupuliza moto utoke kwenye kidonda cha kuungua. Bibi huyo alinusa mlango wa kutoka sebuleni kwenda gereji, akakunja uso.

"Delmar, pumbavu wewe. Ulimkalisha mtu ndani wakati unakaza?"

"Ndivyo inavyofanywa, shangazi!"

"Kwa vyuma vya walio hai. Huyu wa mtoni hana mwili, ana kiu ya uzito. Umemfunga mkeo kwake kwa spana."

"Sasa nifanyeje?"

"Mrudishe kwenye kiti, ulegeze bolti akiwa humo, uzito umrudie. Halafu hiyo mikono ikatupwe ilikotoka."

Delmar akatupia jicho gari. "Yote miwili? Maana wa kushoto chapa yake ni safi sana..."

"Del," Oleta alinong'ona kutoka kwenye mnyororo. "Basi nitupe mimi."

Aibu ikamshika Delmar mpaka masikioni. Akambeba mkewe kwa mkono mmoja kama koti, akamweka kitini, akaingia uvunguni na spana.

Zelpha alianza aya yake, na palepale maji ya baridi yakaanza kumdondokea Delmar usoni, maji machafu, gari likikoroma na kushuka, linamkaribia kifua, linamgusa, linamkalia, naye anavuta spana kwa mikono miwili na kwa meno kama angeweza, analia, anaahidi kanisa, anaahidi kuacha maonyesho, anaahidi hata kusafisha vyombo, na bolti ya mwisho imeganda kama ilikazwa enzi za Nuhu, mpaka mbavu zikaanza kusema, na ndipo ikaachia.

Chevelle ikaruka juu kama punda aliyeng'atwa na nyigu.

Delmar akatambaa nje. Oleta alikuwa amefumbua macho, rangi imemrudia.

"Nina njaa," alisema.

"Mke wangu! Njoo nikubebe!" Akamkumbatia, akamnyanyua.

Oleta hakunyanyuka.

Delmar, mwanamume aliyekuwa anabeba injini huku anakula mkate, alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Oleta hakusogea hata unywele.

"Acha, mpenzi. Nitashuka mwenyewe," alisema, kwa sauti yake ileile, na maji ya kahawia yakamchuruzika kidevuni. Akashusha mguu mmoja. Saruji ikapasuka chini ya kisigino.

Shangazi Zelpha alifunga Biblia, akarudi nyuma polepole mpaka nje.

"Wametoka pamoja, yeye na yule wa mtoni," alinong'ona. "Delmar, mwanangu, usimwingize ndani. Sakafu yenu ni ya mbao."